Kivinjari cha Zamani na Hesabu ya Sanduku

Saa sita usiku, tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya kurusha televisheni kwa mfumo wa analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam. Huko Magomeni, kama kwingineko jijini, televisheni iliyotegemea antena peke yake ilibaki na chenga. Haikuwa imeharibika, mawimbi iliyoyaelewa ndiyo yaliyokoma. Aliyekwisha nunua king'amuzi katika maduka ya Kariakoo aliendelea kutazama, kwani kifaa hicho hupokea mawimbi ya dijiti na kuyageuza yaeleweke na televisheni ile ile kuukuu.

Kompyuta nazo zina mkasa wa namna hiyo. Kivinjari ni programu inayosoma maagizo ya ukurasa wa intaneti na kuuchora kwenye kioo. Tarehe 15 Juni 2022 kampuni ya Microsoft ilikistaafisha kivinjari chake cha Internet Explorer 11, lakini kurasa zilizozoea tabia za matoleo yake ya zamani hazikustaafu pamoja nacho.

Na tuchukue mfano mmoja. Fundi anaagiza sanduku la maandishi lenye upana wa nukta 300, na nafasi tupu ya nukta 20 kila upande. Kwa kanuni ya kimataifa, 300 ni upana wa maandishi tu. Kwa hiyo sanduku zima huchukua nukta 340. Internet Explorer toleo la 5 lilizihesabu nafasi hizo ndani ya 300, maandishi yakabakiwa na 260. Ukurasa uliopimwa kwa hesabu hiyo, ukifunguliwa na kivinjari kinachofuata kanuni, masanduku yake hufura na kusukumana. Mafundi wengi waliandikia kivinjari badala ya kuandikia kanuni, na kosa la programu moja likageuka desturi ya maofisi. (Ajabu ni kwamba kanuni za leo humruhusu fundi kuichagua hesabu ile ile iliyolaumiwa, na wengi huipenda!)

Toleo la 6, la mwaka 2001, lilitafuta suluhu: lilisoma kwanza tamko lililo juu ya ukurasa. Likilikuta tamko linalotakiwa, lilifuata kanuni. Lisipolikuta, lilirudia hesabu ya kale.

Leo king'amuzi cha kurasa hizo kimo ndani ya kivinjari cha Edge, katika hali maalumu inayoziendesha kwa mtambo wa Internet Explorer. Microsoft imeahidi kuitunza hali hiyo angalau hadi mwaka 2029. Yafaa shule au ofisi iitumie kwa kurasa zake yenyewe tu, huku ikiziandika upya moja baada ya nyingine.