Kwa Nini Ningu Waachiwe Njia Mlangoni pa Mto

Mto Kagera humwaga maji yake katika Ziwa Victoria nchini Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Mvuvi mwenye mtumbwi mdogo hupapenda mahali kama hapo, kwa kuwa mto huleta tope lenye rutuba, nao samaki hukusanyika kutafuta chakula.

Lakini mlango wa mto ni njia pia. Mvua kubwa zinaponyesha, ningu hutoka ziwani na kupanda mtoni ili kutaga mayai katika maji ya mafuriko. Majike waliojaa mayai hupita kwa makundi mahali pembamba. Hivyo nyavu chache zilizotandwa hapo zaweza kuzuia kizazi kizima. Ndivyo ilivyotokea katika karne ya 20: nyavu za makila zilienea kwenye milango ya mito ya ziwa hili, na ningu wakaadimika.

Basi, ndugu wavuvi, msimu wa mvua tuuache mlango wazi, tutege mbali na mkondo. Anayemnasa jike kabla hajataga huondoa ziwani samaki mmoja pamoja na uzao wake wote. Riziki tuliyojaliwa na Mwenyezi Mungu ni ya watoto wetu pia.