Floraidi katika Maji ya Singida: Kutoka Mwambani hadi Kwenye Meno ya Mtoto

Mwaka 1974 Tanzania ilijiwekea kiwango cha muda cha floraidi katika maji ya kunywa ya vijijini: miligramu 8 kwa lita. Kiwango kinachopendekezwa leo na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Si kwamba madhara ya madini hayo hayakujulikana. Kushikilia kiwango cha chini kungelazimu visima vingi kufungwa katika maeneo yasiyo na chanzo kingine, na kiu huua upesi kuliko floraidi. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi miligramu 4, kisha 1.5. Hata hivyo, tarakimu inaposhuka katika karatasi, madini hayashuki kisimani. Singida, pamoja na Arusha, Kilimanjaro na Shinyanga, bado hutajwa miongoni mwa mikoa yenye tatizo kubwa.

Chanzo chake ni mwamba wenyewe. Sehemu kubwa ya Singida imekaa juu ya matale ya kale, pembezoni mwa Bonde la Ufa. Ndani ya miamba ya namna hiyo yamo madini yenye floraidi, kama vile apatiti na ulanga mweusi. Maji ya mvua hupenya polepole katika nyufa za mwamba, na kadiri yanavyokaa humo ndivyo yanavyoyeyusha zaidi. Kalisi ingeweza kuinasa floraidi na kuizuia isiendelee kuyeyuka, lakini maji ya miamba hiyo mara nyingi huwa na kalisi kidogo na sodiamu nyingi. Ongeza kiangazi kirefu kinachokausha maji na kuacha chumvi, kama inavyoonekana kingoni mwa maziwa ya Singidani na Kindai, na sababu za tatizo huwa zimekamilika.

Kwa kuwa nyufa za mwamba hazifuati mipaka ya vitongoji, visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, wamechora ramani za floraidi katika maji ya ardhini kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2022 watafiti wa Uswisi walichapisha ramani ya dunia nzima, wakakadiria kuwa watu wapatao milioni 180 huenda wanaathirika. Kazi hizo zina thamani kubwa kwa anayepanga mahali pa kuchimba kisima kipya. Lakini ramani hueleza uwezekano tu. Floraidi haina rangi wala harufu, na katika viwango vinavyopatikana visimani haionjeki kwa ulimi. Kisima ambacho hakijapimwa maabara hakijulikani, hata kama maji yake ni maangavu.

Hapa pana jambo ambalo kila mhudumu wa afya anapaswa kulieleza kwa uangalifu. Kwa miaka mingi wananchi wamehimizwa kuchemsha maji, na ushauri huo ni sahihi dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapogeuka mvuke, floraidi hubaki sufuriani, na maji yaliyosalia huwa nayo kwa wingi zaidi kidogo kuliko mwanzo. Dawa ya klorini haiiondoi, kitambaa cha kuchujia hakiiondoi, na mtungi wa udongo hauna uwezo wa kutegemewa. Mama aliyetii maagizo yote ya usafi bado anaweza kumnywesha mwanawe floraidi nyingi, na akilaumiwa ameonewa.

Madhara huanza mapema. Tabaka gumu la nje la meno ya kudumu, yaani enameli, hujengwa ndani ya taya tangu mtoto anapozaliwa hadi anapokaribia umri wa miaka 8, ukiacha magego ya mwisho. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, protini zilizopaswa kuondoka hubaki ndani ya enameli, na jino hujengeka likiwa na vinyweleo vingi. Huchomoza likiwa na mabaka meupe kama chaki. Rangi ya kahawia huja baadaye, vinyweleo hivyo vinapofyonza rangi za vyakula. Kwa hiyo rangi hiyo si uchafu, na kusugua meno kwa mchanga au mkaa hulila jino bila kuondoa doa. Vivyo hivyo, mtu aliyehamia Singida akiwa mtu mzima hatapata madoa hayo, na aliyezaliwa hapo hayatamtoka kwa kuhamia kwingine. Taaluma ya meno duniani inawiwa na watoto wa Tanzania katika suala hili: kipimo cha ngazi 0 hadi 9 kinachotumika kupima ukali wa ugonjwa huu, kilichochapishwa mwaka 1978 na Anders Thylstrup na Ole Fejerskov wa Denmark, kilitokana na uchunguzi wa meno ya watoto wa nchi hii.

Maji siyo njia pekee. Mwaka 1992 Mabelya na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha madoa ya meno na magadi yanayotumika kulainisha mboga na maharage. Utafiti mwingine wa kaskazini mwa nchi, wa mwaka 2000, uliunganisha tatizo hilo na magadi pamoja na vyakula vya kulikiza watoto. Magadi ya machimbo mbalimbali hutofautiana, na mengine yana floraidi nyingi mno. Katika mkoa ambao mlenda ni kitoweo cha kila siku, swali la magadi halipaswi kusahauliwa.

Kwa mifupa, floraidi huhitaji muda mrefu zaidi au kiasi kikubwa zaidi. Mgongo na viungo hukakamaa, na kwenye picha ya eksirei mifupa huonekana myeupe na mizito kupita kawaida. Ni rahisi malalamiko hayo kuitwa baridi yabisi au uzee, mgonjwa akapewa dawa ya maumivu na kurudi kwenye kisima kilekile. Wilayani Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwachunguza watoto waliopinda miguu kutokana na floraidi.

Wahandisi nao hawakukaa kimya. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimejaribu kwa miaka mingi njia za kuiondoa floraidi, ikiwemo ile ya Nalgonda kutoka India, inayotumia shabu na chokaa. Njia iliyoonekana kufaa zaidi kwa kaya ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng’ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa chengachenga na kujazwa katika ndoo ya kuchujia. Madini ya mfupa ni ya jamii ileile ya madini ya jino, kwa hiyo chenga hizo huvuta floraidi na kuifunga kabla haijamfikia mtoto. Moto ukiwa mdogo, maji hunuka. Ukizidi, chenga hupoteza nguvu. Nazo huchoka: baada ya muda hazishiki tena floraidi, ilhali maji yanaendelea kutoka yakiwa maangavu kama kawaida. Hapo ndipo miradi mingi huangukia. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela jijini Arusha, aliunganisha chujio la mchanga na chembe ndogo mno zinazotengenezwa kulingana na uchafuzi wa mahali husika, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi.

Lakini chujio lisilotumiwa halimkingi mtu. Katika Bonde la Ufa la Ethiopia, wataalamu wa tabia walichunguza kwa nini baadhi ya kaya hazinywi maji yaliyosafishwa hata yanapopatikana. Kujua hatari hakukutosha. Ladha, gharama na kujiona unaweza vilikuwa na uzito. Ni funzo linalofaa kuzingatiwa na kila anayedhani kuwa bango ukutani mwa zahanati limemaliza kazi.

Kliniki ya mama na mtoto ndiyo mahali pa kuanzia. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata mama anapokunywa maji yenye floraidi nyingi, kwa hiyo miezi 6 ya kunyonyesha bila kitu kingine ni kinga kubwa. Hatari huingia na uji. Maswali mawili yanatosha: maji ya uji huu yanatoka kisima gani, na mboga hupikwa kwa magadi? Dawa ya meno iwe ya ukubwa wa punje ya choroko, na mtoto afundishwe kuitema.

Kisha kuna mvua, ambayo karibu haina floraidi. Mtoto mdogo akitengewa lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia uji, siku 180 za kiangazi zinahitaji lita 540. Simtanki la lita 1,000 karibu linatosha watoto wawili. Bati lenye eneo la mita 20 za mraba, kwa mvua ya milimita 600, hupokea lita 12,000 kwa msimu. Nyumba ya tembe haikingi maji, kwa hiyo kaya hizo hutegemea paa la shule, msikiti, kanisa au zahanati. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati, na maji yaliyokingwa yachemshwe kabla ya kunywewa.