Elkader: Jina la Amiri Katika Nchi ya Mahindi

Mwenye kusafiri Iowa, jimbo lililo katikati ya Marekani, hatarajii kuliona jina la Kiislamu kwenye bango la njiani. Hiyo ni nchi ya mahindi na nguruwe, mashamba hayana mwisho. Lakini ukifika pembe ya kaskazini-mashariki, nchi hugeuka ikawa ya vilima na mabonde, na kando ya mto uitwao Turkey (si Uturuki, waungwana, ni bata mzinga) umekaa mji wa watu elfu moja na mia mbili hivi. Jina lake Elkader.

Sisi tuliingia kwa gari lile ambalo Wamarekani hulifanya nyumba: kitanda nyuma, jiko ubavuni, choo na tangi la maji. Kwa Mwislamu ni safari ya raha. Maji ya udhu unayo, na chakula wapika mwenyewe, huulizi kilichomo chunguni mwa watu.

Mji wenyewe wapendeza. Daraja la mawe la mwaka 1889, lenye matao mawili makubwa, hadi leo lapitisha magari juu ya mto. Lakini kilichotupeleka ni jina. Mwaka 1846 Timothy Davis na wenzake wawili walipoupima mji huu, waliuita kwa heshima ya Amiri Abdulkadir wa Algeria, ambaye wakati huo alikuwa bado vitani na Wafaransa; habari zake zilikuwa zikisomwa magazetini hata ng'ambo ya bahari. Hakushika silaha chini mpaka mwisho wa mwaka 1847.

Amiri huyu si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Baba yake, Muhyiddin, alikuwa shekhe wa Kadiria, tarika ile ile ambayo dhikiri zake zasikika pwani yetu. Alipofungwa Ufaransa, kisha akaachiliwa mwaka 1852, mwishowe alihamia Damascus. Huko, mwaka 1860, Wakristo walipokuwa wakichinjwa, aliwafungulia nyumba yake akaokoa maelfu. Rais Lincoln alimpelekea bastola kuwa zawadi. Amiri alifariki Damascus mwaka 1883.

Sasa tulitazame jina. Abdulkadir ni Mja wa Mwenye Uwezo. Waanzilishi wa mji waliliondoa neno la mbele wakabakisha la nyuma, na mwenye kusoma Kiarabu akilitazama bango lile hushtuka: mja ametolewa, limebaki jina la Mola wake! Sisemi walikusudia ubaya. Hata kwetu wako akina Kadiri na Rahmani walioachwa bila Abdi, na wazee wetu wa chuoni hawakuacha kukemea.

Tena wenyeji hawakulitupa jina hilo. Mwaka 1984 Elkader ilifanya udugu na Mascara, mji wa kwao Amiri, na mto ulipofurika mwaka 2008 ukaharibu nyumba na maduka, Algeria ilipeleka msaada wa fedha. Hayo ni ya kusifiwa.

Lakini liko jambo moja ambalo bango halisemi. Mwaka ule ule wa 1846, mwezi wa Oktoba, Wawinnebago, ambao wenyewe hujiita Ho-Chunk, walitiliwa mkataba wa kuiacha ardhi yao iliyokuwa si mbali na hapo, upande wa magharibi. Mwaka 1848 wakahamishwa Minnesota. Hawa nao walikuwa wenyeji wanaonyang'anywa nchi na wageni wenye bunduki, sawasawa na watu wa Mascara. Waanzilishi wa Elkader walimwona shujaa aliye Afrika, maelfu ya maili mbali nao, wakamtukuza. Jirani aliyekuwa akifungishwa virago hawakumpa mji.

Jina lake, hata hivyo, limebaki Iowa kwa njia nyingine. Liko wilaya ya Winnebago, na katika mji wa Forest City, ulio katika wilaya hiyo, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1958 hutengeneza magari ya safari, haya haya yaliyo nyumba, na hutia jina la watu wale ubavuni mwake. Kwenye kambi tulizolala, mengi yalikuwa ya jina hilo. Yanakwenda popote yatakapo, usiku hutua, na asubuhi hung'oa nanga.