Usiuze riwaya za zamani kwa kilo kabla ya kuzikagua

VITABU vingi vya marehemu huishia kwa wauza karanga. Arobaini ikishapita, kabati husafishwa, vitabu hupimwa kwa kilo na kurasa zake hugeuka vifungashio. Familia huambulia fedha za sukari, kumbe huenda ndani ya rundo hilo mlikuwa na riwaya ya toleo la kwanza.

Toleo la kwanza linalotafutwa na wakusanyaji ni nakala za mkupuo wa kwanza kabisa, ambazo mara nyingi huwa chache kwa sababu mwandishi bado hajajulikana. Things Fall Apart ya Chinua Achebe wa Nigeria ilitolewa na Heinemann ya London mwaka 1958, nakala 2,000 tu za jalada gumu. Zile za jalada laini, zilizosomwa sana mashuleni, zilianza kutoka mwaka 1962 na zimechapishwa tena na tena.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kitabu kuandikwa kwamba kilitoka mara ya kwanza mwaka 1958 si ushahidi kuwa nakala uliyoshika ni ya mwaka huo. Tazama nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Ukikuta miaka mingine imeorodheshwa chini yake, hiyo ni chapa ya baadaye. Vitabu vya miaka ya karibuni vina safu ya namba. 1 ikiwepo, kwa kawaida ni chapa ya kwanza.

Jambo la pili ni karatasi inayovishwa juu ya jalada gumu. Wengi huitupa ikichanika. The Great Gatsby ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, chapa ya kwanza ya mwaka 1925, ikiwa na karatasi hiyo katika hali nzuri imewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000. Bila karatasi hiyo, bei hushuka hadi dola elfu chache.

Tuzo nazo huamsha soko. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel mwaka 2021, watu walianza kusaka nakala za mwanzo za Memory of Departure ya mwaka 1987 na Paradise ya mwaka 1994.

Anayetaka kukusanya aviweke vitabu mbali na jua, unyevu na mchwa. Asibandike selotepu wala kuandika jina lake ndani.

Hata hivyo, hii si biashara ya kutegemea ada ya Januari. Mnunuzi anaweza kuchukua miaka kujitokeza, na waandishi wengi hawapandi bei kamwe. Nunua riwaya ambayo ungependa kuisoma hata kama haitauzika. Na kabla ya kumwita mwenye mizani, kaa na rundo hilo walau siku moja, ufungue kitabu kimoja kimoja.