Kuacha Sigara: Njia Ifaayo kwa Mkulima wa Karafuu

Ndugu wanachama, mara hii hatuandiki khabari za bei wala za majamvi ya kuanikia. Twaandika khabari ya moshi, kwa kuwa wengi wetu twavuta, na walio wengi kati ya wavutao wangependa kuacha lakini hawajui waanzie wapi.

Karafuu na sigara ni jamaa wa tangu zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Kudus kisiwani Java, watu walianza kuchanganya karafuu na tumbaku. Sigara hiyo ikaitwa kretek, kwa mlio wake wa kutatarika inapoungua. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba, na sehemu kubwa ya jasho letu ikaishia kuwa moshi. Kwa hiyo wako wadhanio kuwa sigara ya karafuu haidhuru, maana karafuu ni dawa. Sivyo. Sehemu kubwa ya kretek ni tumbaku, na mafuta ya karafuu hutia koo ganzi tu, mvutaji asisikie ukali wa moshi.

Na madhara yake yamepimwa. Mwaka 1951 mabwana wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walianza kuwachunguza madaktari wa nchi yao, wavutao na wasiovuta. Uchunguzi uliendelea miaka 50. Ilionekana kuwa mvutaji wa maisha hufa mapema kwa kadiri ya miaka 10. Miaka 10! Ndio muda wa mche wa mkarafuu kukua na kuzaa. Lakini aachaye akiwa na miaka 30 huiokoa karibu yote. Wa miaka 50 huokoa kama 6, na wa miaka 60 kama 3. Basi hapana mzee aliyechelewa.

Kwa nini basi ni vigumu? Kwa sababu ya nikotini iliyomo katika tumbaku. Hufika ubongoni kwa muda wa sekunde chache, na ubongo ukishaizoea huidai. Mtu akiikosa huwa mkali, hukosa usingizi na hali ya kutulia. Huo si udhaifu wa tabia. Katika watu 100 waachao bila msaada wowote, 3 mpaka 5 tu ndio hufika mwaka bila kurudia. Kwa hiyo twashauri njia hii.

Kwanza, chagua siku, uitaje mbele ya watu wa nyumbani. Usichague wiki ya purukushani za uchumaji. Mwezi wa Ramadhani wafaa sana, kwani mchana kutwa huvuti. Kazi iliyobaki ni usiku.

Pili, siku ile ikifika, acha mara moja. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya wiki 4, walioacha kwa ghafla walishinda kwa 49 katika 100, na waliopunguza kidogo kidogo kwa 39.

Tatu, tafuta dawa. Ziko bandiko za ngozi na ubani wa kutafuna wenye nikotini bila moshi. Uko pia uzazi wa mti uitwao laburnum, dawa ya sitisini, itumikayo Bulgaria tangu mwaka 1964. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilizisifu dawa hizi pamoja na varenikilini na bupropioni. Muulize daktari ipi ipatikanayo na ikufaayo, wala usijipimie mwenyewe.

Nne, usiwe peke yako. Dawa pamoja na mtu wa kukushauri hushinda dawa pekee. Wanachama wawili watatu wa mtaa mmoja wakiacha siku moja, watasaidiana.

Tano, jua adui akujiapo. Hamu ya sigara hudumu dakika chache tu, kisha hupita. Kunywa maji, tembea mpaka mwisho wa shamba, chambua makonyo. Ukitaka tafuna karafuu moja ili kuushughulisha mdomo, lakini usiihisabu kuwa dawa. Wiki ya kwanza ndiyo nzito. Baada ya wiki 4 mzigo huwa mwepesi.

Na akitokea mwenzetu akateleza, tusimcheke. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara nyingi kwanza. Ateue siku nyingine aanze tena.

Ndugu zetu, yafaa kila apandaye mche leo auchume kwa mkono wake mwenyewe. Fedha ya pakiti na ibaki nyumbani, na kifua na kibaki kizima cha kupandia ngazi msimu ujao.