Fedha za Karafuu na Matumizi ya Mwaka

Watu wengi hudhani ya kuwa maisha ya kisiwani ni rahisi, kwa kuwa nazi ziko shambani na samaki wako pwani. Sisi tuliozaliwa Pemba twajua ya kuwa sivyo. Muhogo, ndizi na majimbi twalima wenyewe, lakini sehemu kubwa ya mchele tunaokula, pamoja na unga wa ngano, sukari na saruji, huvuka bahari. Kila gunia linaloshushwa bandarini Mkoani limekwisha lipiwa nauli ya chombo na ujira wa wachukuzi, na mwenye duka huzitia gharama hizo katika bei. Tena kusi likivuma kwa nguvu, wavuvi wengi hushindwa kutoka. Hapo samaki naye huwa ghali.

Jambo la pili ni mapato. Mwalimu au karani hupata mshahara kila mwezi, lakini mkulima wa karafuu hupata fedha zake kwa msimu, naye hula miezi 12. Isitoshe, mkarafuu una tabia yake: ukizaa sana mwaka huu, mwaka ujao huenda ukazaa kidogo.

Kosa la nyumbani kwetu lilikuwa kuzitumia fedha za msimu kana kwamba zitakuja nyingine mwisho wa mwezi. Nilipokuwa Kidato cha Pili tulivuna vizuri. Tukanunua vitanda vipya, na arusi ya dada ikafanywa kwa siku tatu. Ilipofika siku ya kufungua shule, nauli ya meli ya kuja Unguja haikuwapo. Nikakaa nyumbani wiki mbili nikikata majani ya ng'ombe, na wenzangu wanasoma.

Siku moja mama akaniita, akasema, "Mwanangu, wewe wajua hesabu. Hebu tuandikie." Tukakaa na daftari, na tangu siku hiyo twafanya hivi. Kwanza, twatoa ujira wa wachumaji, kwani fedha hizo si zetu. Pili, twaweka kando nauli na mahitaji ya shule. Tatu, twaweka akiba ya maradhi na ya mwaka mbaya. Kinachobaki twakigawa kwa miezi iliyobaki mpaka msimu ujao. Tuseme zimebaki shilingi 1,800,000, na msimu uko mbali miezi 9: basi matumizi ya mwezi ni shilingi 200,000, wala si zaidi. Mchele twanunua gunia zima kabla ya Ramadhani, bei haijapanda, na siku mbili katika wiki twala muhogo au shelisheli badala ya wali.

Mwanzoni baba alinung'unika, akasema ya kuwa mtoto hawezi kumpimia mzazi wake fedha. Mama akamjibu kwamba anayepima si mtoto, ni daftari. Muhula huu nimefika shule siku ya kwanza, na baba ndiye aliyenisindikiza bandarini, nauli ikiwa mfukoni mwake.

Basi, wenzangu, likizo ijayo chukueni daftari mkae na wazee wenu kwa adabu. Hesabu tunazofundishwa darasani zina kazi nyumbani. Wahenga walisema kweli: akiba haiozi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne