Kelele kazini: Sikio likiharibika halina dawa

KATIKA ukanda wa miwa, kuanzia Kibos kandokando ya Kisumu hadi Chemelil na Muhoroni, viwanda vya sukari vinaposaga miwa mitambo huvuma usiku na mchana. Jijini kwenyewe, mafundi wa jua kali wa Kibuye hugonga mabati na kukata vyuma tangu asubuhi hadi jioni. Mapato ya makundi haya mawili hayalingani, lakini yanakabiliwa na hatari moja: kelele inayopunguza uwezo wa kusikia polepole, bila maumivu wala damu.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojikunja mfano wa gamba la konokono. Humo mna takriban seli 15,000 zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele nyingi huzichosha seli hizo na hatimaye huziua. Zikishakufa hazioti tena, na hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirejesha. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza tu sauti kwa zile zilizobaki.

Dalili za mwanzo hupuuzwa kwa urahisi. Mfanyakazi hutoka zamu masikio yakiwa kama yamezibwa, au yakilia. Kesho yake hujiona amepona, na nafuu hiyo ndiyo humdanganya. Sauti nyembamba ndizo hutoweka kwanza, hivyo husikia kwamba anasemeshwa ila hatofautishi “saa” na “taa”. Jamaa zake hudhani anawadharau. Kazini, huenda asisikie onyo la mwenzake wala honi ya gari linalorudi nyuma.

Sheria haikunyamaza. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele kazini za mwaka wa 2005 zinakataza mfanyakazi kukabiliwa na kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane. Ikizidi 85, mwenye kiwanda hutakiwa kuwa na mpango wa kuipunguza na kulinda usikivu wa wafanyakazi. Tofauti ndogo za tarakimu zisimhadae mtu: kila nyongeza ya desibeli tatu huongeza nguvu ya sauti maradufu. Kwa hiyo, saa nne kwenye desibeli 93 ni sawa na saa nane kwenye 90.

Asiye na chombo cha kupimia anaweza kutumia kipimo rahisi. Ukilazimika kupaza sauti ili usikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, yaelekea kelele hiyo ni ya kudhuru.

Kinga huanzia kwenye mashine yenyewe, si sikioni. Kubadilisha vipuri vilivyolegea, kutia grisi, kufunika mtambo na kuuwekea mpira chini hupunguza kelele kwa wote. Fundi wa jua kali anaweza kuweka bati juu ya gunia la mchanga anapoligonga, lisirindime. Aidha, wafanyakazi wapokezane ili mmoja asikae penye kelele zamu nzima.

Vizibo na vifuniko vya masikio huja mwisho, kwa kelele iliyobaki. Pamba ya kawaida haitoshi. Hata kizibo bora kikivaliwa nusu ya zamu tu, faida yake haizidi takriban desibeli tatu. Ni muhimu pia masikio yapimwe mtu anapoajiriwa na mara kwa mara baadaye, ili upungufu ugunduliwe kabla haujawa uziwi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali pa kazi, na humtaka hata aliyejiajiri ajilinde. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, huagiza kamati ya usalama iundwe. Hapo ndipo suala la kelele lastahili kufikishwa, kabla ya kungoja fidia. Fidia ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 ni fedha; haimrudishii mtu sauti ya mtoto wake.